Gitaa la Nyumbani kwa Mama Mkwe

Gitaa langu la kwanza liliisha kwa kuliwa. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakisikia mwanamume wa umri wangu anazunguka Kakamega nzima akitafuta gitaa, wanadhani ameingiwa na ujana wa pili. Mimi nilikuwa na gitaa langu, zima kabisa. Nililitundika ukutani kwa heshima zote wakati wa mvua za masika, nikaenda Matete kuweka mabomba ya maji kwenye shule fulani kwa wiki tatu. Niliporudi lilikuwa palepale, linang'aa. Nililishika, na kidole kikapenya mgongoni kikatokea tumboni. Mchwa walikuwa wamepanda kupitia ufa wa ukuta, wakala mbao yote ya ndani, wakaniachia rangi ya juu. Nilikuwa nimeshikilia vanishi yenye nyuzi sita.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Sikumsemesha hadi Jumatano.

Ni lazima nieleze ninavyopiga, maana bila hivyo hutaelewa kwa nini nilisumbua watu wengi hivyo. Napiga galatoni, yaani gitaa kavu lisilo na umeme, kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, kama walivyopiga wazee wa huku kwetu. Gumba linatembea chini na besi, cha shahada kinachokoza juu, na mtu akipita nje ya ua atadhani tuko watatu. Mtindo huo unataka gitaa lenye sauti kavu, inayopasuka na kukatika papo hapo, kama mahindi kwenye sufuria ya kukaangia. Tena mimi ni fundi bomba. Miaka ya kukaza mabomba imenipa vidole vinene, kwa hiyo shingo ya gitaa lazima iwe pana, la sivyo nikibonyeza uzi mmoja nimebonyeza na jirani yake. Na jambo la tatu, ambalo mke wangu hulitaja mbele ya wageni, ni kitambi. Gitaa likiwa kubwa halikai.

Gitaa lenye mambo hayo yote matatu nilikuwa nalijua. Nililishika mara moja tu, siku tuliyopeleka ng'ombe wa mahari. Baba mkwe wangu, marehemu sasa, alichoka kusikiliza hotuba za wajomba zangu, akanyoosha mkono akanipa galatoni lake, akasema, "Wewe nyamaza, piga." Nilipiga robo saa hivi. Lilinikaa pajani tangu mara ya kwanza, na miaka ishirini na miwili baadaye bado naukumbuka uzito wake. Mzee alipofariki, gitaa lilibaki limetundikwa sebuleni kwake, juu ya picha yake. Mwalimu wa kwaya aliliomba, akakataliwa. Mpwa mmoja aliliomba, akafukuzwa na fagio. Mwenye kulilinda alikuwa mama mkwe wangu, na mama mkwe ndiye mtu mmoja duniani ambaye mimi siruhusiwi hata kumtazama usoni.

Basi nikaenda kutafuta lingine.

Nilianzia mjini, kwenye duka linalouza spika na waya. Kijana wa duka aliondoa kisikizi cha muziki kwenye sikio moja tu ili anisikilize.

"Mzee, unataka ya kujifunzia?"

"Nimepiga miaka thelathini."

"Basi chukua hii. Hii iko na sauti noma."

Lilikuwa jeusi, kubwa, la kupendeza kulitazama. Niliketi kwenye kreti nikalipakata. Likateleza. Nikalirudisha, likateleza tena mpaka gotini. Gitaa lile lilikuwa na tumbo lake, nami nina langu, na paja ni lile lile moja. Nikalibana kwa kiwiko nikapiga. Sauti ilitoka nene, imejaa, uzi mmoja unavuma mpaka mwingine unakosa pa kusimama. Nilikuwa najaribu kuuzima mvumo ule kwa kiganja wakati kijana alipoinama, akaangalia mkono wangu kwa huruma ya kweli.

"Mzee, na hivyo vidole vingine viko na shida gani?"

Nilimrudishia gitaa lake nikatoka bila kuaga. Nilifika kituo cha bodaboda kabla sijakumbuka kwamba nilikuwa nimeacha mwavuli dukani. Sikurudi. Nilinyeshewa mpaka nyumbani Shinyalu kwa sababu ya kiburi, na kwa kweli ningefanya vivyo hivyo tena.

Baada ya hapo nikasema nitatengenezewa. Karibu na Sigalagala kuna seremala mmoja ambaye nimeshirikiana naye kwenye majengo mengi, mtu wa mikono safi, haongopi siku za kazi. Nilimchorea gitaa kwenye gunia la saruji. Nikamwonyesha upana wa shingo kwa vidole vyangu, udogo wa mwili kwa kitambi changu. Alipima vyote viwili kwa futi kamba, akaandika, akatikisa kichwa kwa kuelewa. Kosa langu ni kwamba sikujiuliza mtu huyu hutengeneza nini siku zote. Hutengeneza madawati ya shule. Miaka yote hiyo hajatengeneza kingine.

Siku ya kulichukua alilitoa kwa mikono miwili, kwa sababu mmoja usingeliweza. Lilikuwa la mvule, nene, limeungwa kwa misumari ile mirefu ya paa. Kwenye pembe alikuwa ameweka vibati ili lisichakae. Juu, kando ya tundu la sauti, alikuwa amechonga kifereji kizuri kabisa cha kuwekea kalamu.

"Hiki ni cha nini?" nikamuuliza.

Alikiangalia kwa muda. "Mkono tu umejiendea," akasema. Kisha akajipa moyo. "Lakini hii, hata darasa nzima wakae juu yake, haivunjikangi."

Nililifunga nyuzi, nikapiga. Ilitoka sauti ya mtu anayebisha hodi ofisini kwa mwalimu mkuu. Nilimshukuru, nikalipakia kwenye pikipiki, na pikipiki ikaenda upande upande njia nzima. Sasa hivi liko nyuma ya jikoni. Tundu la sauti alilitoboa kubwa, na kuku wetu mweusi ameamua kutagia ndani. Mayai yenyewe hatuyafikii.

Nilikuwa nimeanza kuwa mtu mbaya. Nilikuwa nagombana na redio. Nilikuwa nachokoza meza kwa vidole viwili wakati wa chakula, mpaka sahani za obusuma, ugali wetu, zinacheza. Jioni moja mke wangu akanyanyua sahani yake, akaishikilia hewani, akasema:

"Si useme tu unachotaka?"

"Nimwambie nani?"

"Unajua ni nani."

Nilijua. Ila huko kwetu mkwe na mama mkwe hawakutani ana kwa ana. Hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja, hawali wakitazamana. Ni heshima, tena heshima ya kukimbia. Miaka ishirini na miwili mimi nimemjua mama mkwe wangu kwa mgongo, kwa sauti na kwa kishindo cha viatu vyake vya plastiki. Akiniona mbali njiani huingia kwenye mahindi mpaka nipite. Mara moja tulionana kwa wakati mmoja kwenye kona ya shamba la majani chai, kila mtu akakurupuka kumpa mwenzake njia, na wote wawili tukaingia upande uleule, wa maharagwe. Nilikaa humo nimeinama, nasikia majani yakitikisika hatua kumi hivi kutoka nilipo, na hakuna aliyethubutu kutoka kwanza. Mvua ndiyo iliyotuokoa. Mtu huyo ndiye niliyepaswa kumwomba kitu kimoja alichobakiwa nacho cha mumewe.

Mke wangu alipeleka ujumbe. Jibu lilikaa wiki mbili.

"Mama amesema gitaa si jembe, haiazimwangi."

"Nilijua."

"Hajamaliza. Amesema uje upige asikie."

Sikulala vizuri wiki hiyo. Nilijua kabisa kinachopimwa. Nikipiga vibaya, gitaa lile ningelisahau milele, na mwanamke yule angeishi siku zake zote akijua kwamba binti yake aliolewa na mtu asiyejua kupiga. Nilipiga viatu brashi mara mbili. Nilivaa koti la harusi ya dada yangu. Asubuhi ya safari, katika kujitengeneza, nilikata kucha zote kumi vizuri, kwa maana mtu haendi ukweni na makucha, na ni baada tu ya kukata ya kumi ndipo nilipokumbuka kwamba kidole cha shahada hupigia ukucha. Niliutafuta sakafuni kana kwamba ningeweza kuurudisha. Mke wangu akasema twende.

Mambo yalipangwa hivi. Mimi nilipewa kiti cha verandani, mgongo ukiwa dirishani. Mama mkwe alikuwa sebuleni, nyuma ya dirisha hilohilo, na pazia limefungwa. Kati yetu palikuwa na ukuta wa tofali moja. Mke wangu alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, ili atupitishie maneno, ingawa kila mmoja alikuwa anamsikia mwenzake hata akipumua. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, ndiye aliyelitoa gitaa. Alilifuta vumbi kwa kofia yake, akanikabidhi, akaenda kuegemea nguzo kama askari wa zamu.

Lilikuwa dogo kuliko nilivyokumbuka. Rangi ilikuwa imeondoka mahali mkono wa mzee ulipokuwa ukilala, mbao ikabaki nyeupe. Shingoni bado palikuwa na penseli yake, imefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli kukaza nyuzi zote pamoja. Nililiweka pajani. Halikuteleza. Lilikaa chini ya kitambi, likajiegemeza, likatulia. Vidole vyangu vinene vilishuka shingoni na kila kimoja kikapata uzi wake.

Nikaanza, nikaanza vibaya. Hofu ilinipeleka mbio. Gumba lilikuwa limeshafika mwisho wa mstari wakati kidole cha shahada bado kinatafuta ukucha wake. Sikumaliza hata ubeti mmoja kabla pazia halijasema.

"Mwambie anapiganga kama mtu amekimbizwa na nyuki."

Mke wangu akanigeukia. "Amesema unapiganga kama..."

"Nimesikia."

"Mwambie mwenye hiyo gitaa alikuwa anangojanga."

"Amesema mwenye..."

"Nimesikia, mama watoto."

Shemeji alikohoa. Nikavuta pumzi, nikafunga macho, nikasubiri mpaka nikasikia mbuzi wa jirani na mtu anayepasua kuni mbali. Nikaanza polepole, gumba kwanza, peke yake, mara nne. Kisha nikaingiza cha shahada, bila ukucha, nyama tupu. Sauti ikatoka kavu lakini laini kidogo pembeni, ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwenye mkono wangu. Nilipenda. Nasema wazi, nilijipenda mno dakika hiyo. Nilizunguka mara moja, nikazunguka mara ya pili, na mzunguko wa tatu, nyuma yangu, chupa ikaingia.

Asiyejua mambo yetu nimweleze. Galatoni la huku halijakamilika bila chupa ya soda ya kioo, ile yenye mistari ubavuni. Mtu wa pili huiparuza na kuigonga kwa msumari, na hapo ndipo mguu wa msikilizaji hukosa utulivu. Mimi sikuwa nimepigiwa chupa tangu rafiki yangu aliyenipigia alipohamia Eldoret. Na chupa hii haikuwa ya kubahatisha. Iliingia mahali penyewe, kati ya gumba na kidole, ikakaa hapo, ikanisukuma kidogo kila nilipotaka kulegea. Bila kufikiri, kwa furaha tu, nikageuka kuona ni nani huyo.

Pazia lilikuwa limefunguliwa. Nadhani alilivuta mwenyewe ili asikie vizuri. Tulitazamana uso kwa uso, mimi na mama mkwe wangu, hatua moja, dirisha wazi katikati. Ana mwanya kwenye meno ya mbele. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia ana mwanya.

Shemeji akapiga kelele kama aliyeona nyoka. Mke wangu akajifunika uso kwa mikono miwili, kana kwamba ndiye aliyeonwa. Mama mkwe akajitupia leso kichwani mpaka kifuani, nami, kwa kukosa pa kwenda, nikajiinamia na kuliweka gitaa mbele ya uso wangu, nikawa nachungulia ndani ya tundu lake. Nikaanza kuhesabu kichwani: blanketi, kwa kuwa aibu ya namna hii hulipiwa blanketi, pengine na mbuzi, na shangazi za mke wangu watakaa kikao, na hadithi itafika kwetu kabla yangu. Na gitaa ndiyo hivyo limekwenda. Uchungu ulinipanda. Nilikuwa nalo mikononi na nilikuwa nimelipoteza kwa kugeuza shingo.

Kisha chini ya leso nikasikia:

"Mwambie ni nani amemwambia aache."

Mke wangu hakupitisha ujumbe huo. Alikuwa bado amejifunika. Niligeuka upesi nikatazama uani, nikapiga. Chupa ikarudi. Tulipiga kwa muda mrefu, mpaka supu ya ingokho, kuku wa wageni, ikaungua jikoni na shemeji akaacha nguzo, akaanza kutikisa bega moja, akijifanya anajikuna. Mke wangu alikaa kwenye kizingiti. Nilipomaliza, chupa iliendelea kidogo peke yake kabla ya kuacha.

Mke wangu aliitwa ndani. Waliongea kwa sauti ya chini, safari hii sikusikia kitu. Alipotoka aliketi sakafuni kando ya kiti changu, akakunja nguo yake magotini.

"Mama amesema gitaa haitoki."

Nilitikisa kichwa. Mtu mzima hawezi kulia ukweni, na mimi nilikuwa karibu sana. Nililinyoosha kumrudishia shemeji.

"Ngoja," mke wangu akasema. "Amesema ikienda kwetu, yeye atabaki na chupa. Amesema chupa peke yake ni kelele."

"Sasa?"

"Amesema uwe unakuja. Jumapili, ukitoka kanisani. Kiti kitakuwa hapo."

Niliangalia kiti nilichokalia, nikaangalia gitaa. Nikamuuliza kwa sauti ndogo hiyo chupa ilikuwa wapi siku zote. Akasema hajui. Akasema tangu walipomzika baba yake hakuwahi kuiona, na yeye ndiye anayepanga kabati la mama yake kila akija, na kwamba leo ilitoka ikiwa safi, haina hata vumbi.

Nikajipangusa uso kwa mkono wa koti la harusi ya dada yangu, nikajikaza, nikasema kwamba nitakuja, nitakuja bila kukosa, ila wanivumilie kidogo kwa saa, kwa sababu mahubiri ya kanisa letu ni marefu, mchungaji akishika maikrofoni hajui kuiachilia.

Mke wangu alikuwa bado hajafungua mdomo kuupeleka ujumbe, wakati sauti ilipotoka dirishani, karibu kabisa na sikio langu.

"Hamia kanisa la kwetu. Sisi tunatokanga saa nne."